Leseni ya Seva Inahesabiwaje?

Sisi wa Ualimu tukienda BTP, iwe Kibaha au Kisarawe, mkuu wa shule akisikia tu kwamba unajua kompyuta, basi wewe ndiye fundi. Kesho yake unaulizwa: "Mwalimu, hii seva tukiinunua, leseni zake zitatutoka shilingi ngapi?" Tulipitie hilo swali mapema.

Chukua Windows Server. Tangu toleo la 2016 inauzwa kwa kori, yaani vile viini vya kufanyia kazi vilivyomo ndani ya prosesa. Kiwango cha chini ni kori 16 kwa kila seva. Yako ina kori 8? Utalipia 16 hivyo hivyo. Ina prosesa mbili za kori 12? Unalipia 24.

Hapo hujamaliza. Wanaoitumia hiyo seva nao wanahitaji leseni ya kuingia, inaitwa CAL, na hapa ndipo hela inapoweza kupotea kizembe. CAL inanunuliwa kwa mtu au kwa kifaa. Tuseme maabara ina kompyuta 40 na wanafunzi 600 wanapokezana: kwa mtu ni CAL 600, kwa kifaa ni 40 tu! Ila mwalimu mwenye kompyuta ya ofisini, laptopu na simu, mnunulie ya mtu. Moja inatosha badala ya tatu.

Sasa mwenye shule akiwa na seva Kibaha na nyingine Kisarawe, atataka programu ya kuzisimamia zote akiwa sehemu moja. System Center ya Microsoft nayo inahesabu kori, lakini ni za seva zinazosimamiwa, si za ile inayosimamia.

Kukreki je? Tusidanganyane, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Mimi ningeanza na Zabbix. Inafuatilia hali za seva, leseni yake ni huria, na tangu toleo la 7.0 la 2024 inatumia AGPL. Huhesabu kori wala watu. Unacholipia, ukitaka, ni msaada wa kitaalamu. Lakini lazima awepo anayejua kuifunga na kuitunza, kwa hiyo kwenye bajeti, pale pa leseni andika mafunzo ya walimu wawili. Mmoja akihamishwa, seva isibaki yatima.