Insha ya Hoja: Nani Alipie Utafiti wa Anga?

Swali la mfano: Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu kauli hii: "Utafiti wa kisayansi wa anga za juu uachiwe fedha za watu binafsi, serikali zishughulikie shida za wananchi."

Mtahiniwa, swali la namna hii huwatisha wengi kwa sababu linaonekana liko mbali na kijiji. Nililitoa darasani hapa Zagayu katika wiki za kupalilia pamba, na zaidi ya nusu ya insha zilianza hivi au karibu na hivi: "Siku hizi matajiri wanarusha roketi zao wenyewe. Kwa hiyo serikali hazina haja ya kutoa fedha za anga, afadhali zichimbe visima."

Sarufi haina kosa. Hisia nayo ni ya kweli, maana anayeamka alfajiri kwenda kuchota maji ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi. Hata hivyo aya hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake umekaa kwenye maneno mawili tu: "kwa hiyo". Hoja ya kwanza haizai ya pili, kwa sababu mwandishi amechanganya anayerusha chombo na anayekilipia.

Fikiria lori linalobeba pamba kutoka AMCOS kwenda kiwandani. Mwenye lori si mwenye pamba, wala siye aliyenunua mbegu na dawa. Amelipwa kubeba. Ndivyo ilivyokuwa kwa Taifa-1, satelaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira. Tarehe 15 Aprili 2023 ilibebwa na roketi aina ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX kutoka kituo cha Vandenberg, California. Roketi ilikuwa ya kampuni binafsi, lakini satelaiti ilikuwa mradi wa Shirika la Anga la Kenya, na gharama yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya, fedha za umma. Mtahiniwa akiitaja Taifa-1 kama mfano wa ufadhili binafsi, ameuharibu mfano wake mwenyewe.

Mfano wa zamani zaidi ni mzuri kuliko huo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji wake. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota na vitu vingine vya mbali, na orodha iliyotokana nayo ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Wakati huo Giacconi alikuwa mfanyakazi wa kampuni binafsi, na kampuni hiyo ndiyo iliyoshughulikia vyombo vya utafiti. Mlipaji alikuwa NASA, yaani mlipa kodi wa Marekani. Kampuni kushiriki katika anga si jambo la jana. Ukiandika hilo, msahihishaji ataona umefikiri.

Sasa tuje kwenye fedha binafsi zenyewe. Ziko za hisani na ziko za biashara, na insha nyingi huziweka katika kapu moja.

Hisani inafanana na mchango wa harusi. Anayechanga hadai faida, ingawa kadi anaitaka. Chama cha Marekani kiitwacho The Planetary Society kilikusanya takribani dola milioni 7 kutoka kwa wachangiaji wapatao 50,000 wa nchi mbalimbali, kikatengeneza chombo kilichoitwa LightSail 2. Kilirushwa Juni 2019, kikakunjua tanga jembamba na kuonyesha kwamba mwanga wa jua pekee unaweza kukisukuma na kubadili njia yake angani. Kilidumu hadi Novemba 2022. Huo ni mfano wa kweli, na mwenye kutetea kauli ya swali auchukue bila woga. Aongeze na Beresheet, chombo cha Israeli kilichogharimu karibu dola milioni 100, sehemu kubwa ikitoka kwa wahisani. Kilifika Mwezini tarehe 11 Aprili 2019, lakini kwa kuanguka. Mhisani anaweza kupoteza kiasi hicho bila kuulizwa na bunge, na hiyo ni faida: anathubutu palipo na hatari.

Lakini mchango wa harusi una tabia nyingine, nayo ni kwamba unaweza usitimie. Mwaka 2012 taasisi ya B612 ilitangaza mpango wa Sentinel, darubini ya angani ya kutafuta asteroidi zinazoweza kuigonga Dunia. Zilihitajika takribani dola milioni 450 za michango. Fedha hazikupatikana na darubini haikujengwa. Kazi ya aina hiyo sasa imo katika mradi wa NASA uitwao NEO Surveyor, kwa fedha za kodi. Usalama wa watu wote, kama ulivyo mto wa kijiji, kila mtu anaufaidi na kila mtu anasubiri mwenzake achange.

Biashara ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo swali linapoingia shambani kwetu. Picha za satelaiti za Landsat zimekuwa zikionyesha misitu, maziwa na mashamba tangu mwaka 1972. Mwaka 1985 Marekani iliikabidhi kampuni binafsi iitwayo EOSAT kazi ya kuuza picha hizo, kwa matumaini kwamba soko lingegharimia satelaiti zijazo. Bei ikapanda hadi maelfu ya dola kwa picha moja. Watafiti waliohitaji picha nyingi kwa miaka mingi wakashindwa kununua. Sheria ya mwaka 1992 ikaurudisha mpango huo serikalini, na kuanzia mwaka 2008 picha zikaanza kutolewa bure kwa yeyote duniani. Mwanafunzi wa chuo hapa Tanzania anayepima jinsi ukataji miti unavyoenea anazipata bila kulipa hata senti. Picha ni zilezile. Kilichobadilika ni nani analipa, na anataka nini.

Utabiri wa mvua tunaousikia redioni kabla ya kupanda nao unategemea picha za namna hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia picha za satelaiti za Meteosat, zinazogharimiwa na serikali za Ulaya kwa pamoja. Basi yule anayesema "visima kwanza" mjibu kwa upole: mkulima wa Simiyu anahitaji kisima, na pia anahitaji kujua kama mvua ya Novemba ni ya kupandia au ya kudanganya. Usimdharau. Insha inayoidhihaki hoja ya upande wa pili haijaijibu.

Kuna utafiti usio na mnunuzi kabisa. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa takribani gramu 700, lakini ni cha aina adimu mno hata kundi lake likapewa jina la Ivuna. Desemba 2020 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilileta gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi ya Ryugu, na wanasayansi wakakuta unafanana sana na mawe ya kundi la Ivuna. Safari hiyo ililipiwa na serikali ya Japani. Mwekezaji angeuza nini pale? Gramu tano za vumbi hazirudishi mtaji. (Wengi wenu mnakijua Kimondo cha Mbozi kwa sababu ni kikubwa. Itajeni Ivuna, mtakuwa wachache.)

Hebu soma aya hii ya kiini, uilinganishe na ile ya mwanzo:

"Ni kweli kwamba wahisani wamefadhili vyombo vya anga, mathalani LightSail 2 ya mwaka 2019. Hata hivyo, mwenye fedha ndiye huchagua swali la kuulizwa. Picha za Landsat zilipouzwa na kampuni, watafiti wengi walizikosa. Zilipotolewa bure, zikawafikia hata wa nchi maskini. Kwa sababu hiyo, fedha binafsi zikaribishwe kama nyongeza, lakini takwimu ambazo wakulima wanazitegemea zisiachwe mikononi mwa soko."

Aya hiyo imekubali jambo moja la mpinzani kabla ya kumpinga, na kila dai lina mfano wake. Si lazima ukubaliane nami. Ukiona fedha binafsi zinatosha, tetea, ila uijibu Sentinel.

Zoezi: Andika aya moja ya maneno 60 hadi 80 ukiunga mkono kauli ya swali, kwa kutumia Beresheet. Kisha geuka, andika aya nyingine ya urefu huohuo ukiipinga, kwa kutumia Ivuna na Ryugu. Mpe mwenzako asome zote mbili bila kumwambia wewe unaamini ipi. Akishindwa kubaini, zote mbili zimeandikwa vizuri.