Upatanisho wa kisarufi ndani ya jina la faili

Anayeandika tasnifu juu ya Kiswahili cha Bunia au juu ya Kibira hufika mahali pa kuhesabu: neno lipi linarudi mara ngapi, na linaandamana na lipi. Kwa kazi hiyo wengi hutumia Python pamoja na maktaba zake, hasa NLTK na NumPy. Hapa Saio, ninakoishi, kompyuta zetu zinaiweza kazi hiyo. Kinachotushinda ni kuziingiza maktaba hizo katika mashine isiyo na kompaila, tena kwa mega tunazonunua kidogo kidogo kwenye simu.

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo chanzo, yaani ule ulioandikwa na mtu, kuwa maagizo ambayo chipu huyatekeleza moja kwa moja. Sehemu kubwa ya NumPy inayofanya kazi nzito imeandikwa katika lugha ya C, kwa hiyo lazima igeuzwe na mtu fulani kabla haijatumika. Kompyuta ya Windows haiji na kompaila ya C; kuipakua na kuisimika hula gigabaiti kadhaa. NumPy 1.26.4 iliyokwisha kugeuzwa ni takriban megabaiti 16.

Maktaba iliyogeuzwa tayari hufungashwa katika faili lenye tamati .whl, muundo uliokubaliwa na jumuiya ya Python mwaka 2013. Huitwa gurudumu. Jina hilo lina utani: ghala la Python, PyPI, liliwahi kuitwa duka la jibini, na jibini zima huwa la duara. Aliyewahi kubeba jibini la Masisi anaelewa.

Sasa tusome jina moja:

numpy-1.26.4-cp311-cp311-win_amd64.whl

Lina nafasi maalumu, kama kitenzi chetu. Kwanza maktaba, kisha toleo lake. Cp311 ya kwanza inataja Python 3.11, ile ya kawaida. Ya pili inataja mpangilio wa ndani ambao msimbo uliogeuzwa unautegemea. Win_amd64 inataja Windows ya biti 64. Sehemu hizo tatu za mwisho ni viambishi vya upatanisho: lazima vikubaliane na Python iliyomo katika mashine.

Mtaani kwetu mtu akisema "kitabu yangu", hakuna anayekwama. Msikilizaji anasahihisha kichwani au hajali kabisa. Programu ya kusimika, pip, haina huruma hiyo. Python ya biti 32 ikiwa ndani ya kompyuta ya biti 64, faili la win_amd64 litakataliwa, maana upatanisho hufanywa na Python, si na chuma. Amri `pip debug --verbose` huorodhesha viambishi vyote ambavyo Python yako inavikubali. Isome kabla ya kununua mega.

Mtego mkubwa ni huu. Mwenye Python 3.13 akiagiza NumPy 1.26.4, hakuna gurudumu la Windows lenye kiambishi chake. Pip haiishii hapo: inachukua msimbo chanzo, inatafuta kompaila, inaikosa, na inaanguka baada ya mega kwisha. Dawa ni kuongeza `--only-binary=:all:`, yaani "niletee kilichogeuzwa tayari, la sivyo acha". Kisha chagua: Python 3.11, au NumPy kuanzia 2.1.

Kuna pia majina yanayoishia py3-none-any. Haya ni kama vivumishi safi na ghali, visivyobeba kiambishi cha ngeli yoyote: maktaba yote ni Python tupu na huingia popote. NLTK ni ya namna hiyo, na ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu NLTK inategemea maktaba nyingine iitwayo regex, nayo ina msimbo wa C. Ukibeba faili la NLTK peke yake kwenye flashi, umebeba nusu ya kazi.

Kwa hiyo tunapakua mara moja, penye mtandao mzuri, kwa ajili ya wote:

pip download nltk --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.11 -d mfuko

Kisha katika kila kompyuta, bila intaneti:

pip install --no-index --find-links=mfuko nltk

Anayepakua kutoka Linux kwa ajili ya Windows aitaje pia colorama katika amri ya kwanza. Windows inaihitaji, lakini pip huangalia sharti hilo kwenye mashine inayopakua, si kwenye ile uliyoitaja.

Gurudumu ni faili la zip tu. Badilisha tamati, ulifungue. Ndani ya NumPy ya Windows utakuta kabrasha la numpy.libs lenye OpenBLAS, maktaba ya hesabu ambayo wafungashaji waliitia humo wakijua mashine yako haina. Utakuta pia mafaili ya .pyd, ambayo jicho haliwezi kuyasoma. Msimbo chanzo unaweza kuukagua. Huu unauamini tu. Ndiyo maana flashi inayozunguka mkononi mwa watu kumi naipa mashaka. PyPI huchapisha alama ya SHA256 ya kila faili, na kwenye Windows `certutil -hashfile`, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, hukupa ya kwako. Linganisha herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata moja, futa faili hilo.