Jengo Piga Picha, Mkazi Muombe Kwanza

Star Apartments, katika mtaa wa Skid Row, Los Angeles, ni jengo linalowavuta wapigapicha. Msanifu Michael Maltzan alichukua jengo la maduka lisilo na ghorofa, akapandisha juu yake kwa kreni vyumba vilivyotengenezwa kiwandani: makazi 102 ya watu waliokuwa wakilala barabarani. Katika jiji hilohilo, kando ya barabara kuu ya 10, liko New Carver, jeupe na la mviringo, lililofunguliwa mwaka 2009 likiwa na makazi 97. Picha za mpigapicha Iwan Baan zimelifikisha mbali.

Uzuri huo huwasahaulisha wengi kwamba ndani wanaishi watu.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani inaruhusu kupiga picha jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma. Masharti yake yako kwenye kifungu cha 120. Sura ya mtu ni habari nyingine. California, anayeitumia kwenye tangazo bila ridhaa anaweza kudaiwa fidia isiyopungua dola 750.

Fidia hulipwa ikaisha. Mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga, siri ya anapoishi ikishavuja, hairudi. Picha ya simu mara nyingi hubeba alama ya mahali ilipopigwa. Ikitumwa ilivyo, na nyuma yake kuna mama amesimama barazani, anayemsaka ameshaelekezwa hadi mlangoni. Alama hiyo izimwe kabla ya kupiga. Kuficha uso pekee hakutoshi: koti, mkongojo na namba ya mlango humtambulisha mtu vilevile.

Ridhaa kwanza, kamera baadaye. Mpigapicha aanze kwa wasimamizi, kisha aende kwa mkazi mwenyewe, kwani ruhusa ya ofisi haimfungi mpangaji. Na ofisi hubadilika. Skid Row Housing Trust, shirika lililoyaendesha majengo hayo mawili, liliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama mwaka 2023. Picha zilizopigwa kabla ya hapo zingali zinazunguka.

Ridhaa iwe ya maandishi, kwa lugha anayoisoma mkazi, ikieleza picha itatumika wapi. Aambiwe kwamba akikataa hapotezi chumba chake. Aliyelewa asipewe kalamu. Mtoto asipigwe picha mzazi asiporidhia.

Inarudiwa kwa sababu inapuuzwa: bila ridhaa, hakuna picha ya mkazi. Aliyekwisha kupiga bila kuuliza aifute leo, au arudi akaombe.