Kukimbia kabla ya chai ya asubuhi: Je, mafuta huyeyuka zaidi?

Ukipita ufuoni Malindi alfajiri, au karibu na daraja la Kilifi, utawakuta watu wakitembea kwa kasi na wengine wakikimbia. Baadhi yao hawajatia kitu kinywani. Wameambiwa kwamba mwili usio na chakula hulazimika kuchoma mafuta yake wenyewe, na kwamba hata kikombe kimoja cha chai huharibu kazi yote. Je, ni kweli?

Swali hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi, na miongoni mwa wanawake zaidi ya thuluthi moja. Uzani huo huandamana na kisukari na shinikizo la damu.

Maghala mawili

Mwili una maghala mawili makubwa ya nguvu. La kwanza ni la sukari, inayohifadhiwa katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni. La pili ni la mafuta, yaliyo chini ya ngozi na ndani ya tumbo.

Unapolala, ini hutoa sukari yake kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Kunapokucha, akiba ya ini imepungua. Insulini nayo, homoni ya kongosho inayoyazuia mafuta yasitoke ghalani, iko chini. Ukifanya mazoezi ya wastani wakati huo, misuli hutumia mafuta mengi kuliko ambavyo ingetumia baada ya kula. Hapo wanaosifu mazoezi ya njaa wana haki.

Hesabu ya siku nzima

Lakini mwili haufungi hesabu zake asubuhi. Aliyetumia mafuta zaidi alfajiri huelekea kutumia sukari zaidi baadaye mchana, na aliyekula kwanza huelekea kinyume chake. Jioni tofauti imepungua sana au imetoweka.

Mwaka 2014, Brad Schoenfeld na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake vijana 20 waliokuwa wakipunguza chakula. Walifanya mazoezi saa 1, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 4. Kundi moja lilifanya kabla ya kula, jingine baada ya kula. Makundi yote mawili yalipunguza uzani na mafuta, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Utafiti huo ulikuwa mdogo na mfupi, lakini unakubaliana na tunayoyajua kuhusu mwili.

Kinachoamua ni jumla ya unachokula na unachotumia. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia takriban kalori 150. Mahamri mawili makubwa, mbaazi za nazi na chai ya sukari huzirudisha zote, tena kwa ziada. Anayerudi na njaa kali akaona amestahili hamri la tatu amejipunja mwenyewe.

Mbona wanariadha wetu?

Wengine hutoa mfano wa wakimbiaji wa Bonde la Ufa, ambao wengi huanza mbio za asubuhi kabla ya kula. Kweli, lakini wakirudi hunywa chai ya maziwa na sukari na kula mkate. Mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji 10 mashuhuri wa Kenya. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata ilitoka kwenye wanga, ugali ukiwamo. Wembamba wao hautokani na kukosa chai, bali na kilomita nyingi wanazokimbia kila wiki.

Wanaopaswa kujihadhari

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamidi, asifanye mazoezi akiwa na njaa bila ushauri wa daktari wake. Dawa hizo hushusha sukari, mazoezi huishusha tena, na akiba ya ini ni ndogo. Dalili za hatari ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Akiziona, asimame mara moja na anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari. Baada ya dakika 15, ikiwa hajapata nafuu, arudie. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezirai asinyweshwe kitu chochote: apelekwe hospitali haraka.

Wajawazito, wagonjwa wa moyo na wenye shinikizo la damu nao wamwone daktari kwanza. Mwezi wa Ramadhani, kukimbia alasiri katika joto la Pwani ukiwa hujanywa maji tangu daku ni kujitafutia kizunguzungu. Ni afadhali utembee baada ya kufuturu.

Ufanyeje?

Kama una afya njema na tumbo tupu halikusumbui, toka alfajiri, kunywa maji kwanza, na utembee au ukimbie pole pole. Ukihisi kizunguzungu, kula ndizi moja kabla ya kutoka. Hutapoteza faida yoyote. Chagua saa ambayo jua si kali, na maji yakiwa yamekupwa, tembea kwenye mchanga mgumu badala ya ule laini unaotegua vifundo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Saa inayokufaa ni ile utakayoweza kuishika wiki hii, mwezi ujao na mwaka ujao, iwe kabla ya chai au baada yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa uzani, haba na haba hukipunguza pia.