Kujifunza Kunena Mbele ya Watu

Wasomaji wetu wengi wamepata kuhudhuria mkutano wa namna hii. Wanachama wa ushirika wa maziwa wamekusanyika chini ya mti, mwenyekiti amefungua mazungumzo, na mtu mmoja ameinua mkono. Mtu huyu analo jambo kubwa. Amegundua ya kuwa mizani ya kupokelea maziwa haisemi kweli, na kwamba kila asubuhi yeye na wenzake wanapata hasara. Lakini anaposimama, miguu yatetemeka. Aanza kwa salamu ndefu, kisha aeleza habari za marehemu baba yake, na ng'ombe aliyenunuliwa zamani, na mvua ya mwaka jana. Watu waanza kunong'onezana. Wengine watazama jua. Kabla hajaifikia mizani, mwenyekiti amwambia, “Asante, ndugu, wakati umekwisha.” Naye aketi. Kesho yake maziwa yapimwa kwa mizani ile ile.

Je, ni nani aliyepata hasara hapo? Si msemaji peke yake. Kweli ilikuwapo mkutanoni, ila haikupata mlango wa kutokea. Na kwa sababu hiyo watu wote waliendelea kupunjwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja ushirikishi wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Hilo ni neno jema, lakini ruhusa ya kusema haimfai sana mtu asiyeweza kusema. Ndiyo sababu somo letu la juma hili ni juu ya vyama ambavyo kazi yake ni kuwafundisha watu kunena.

Wako wanaodhani ya kuwa kunena vizuri ni kipawa cha kuzaliwa nacho, na asiyekipata hana la kufanya. Ni kweli kwamba wengine wana ulimi mwepesi kuliko wenzao. Hata hivyo, kunena kwafanana na kupanda baiskeli. Hakuna aliyezaliwa akijua kupanda baiskeli, wala hakuna aliyejua kwa kusikiliza maelezo tu. Hapana budi kupanda, kuanguka, na kupanda tena. Basi anayejifunza kunena ahitaji mahali pa kuanguka pasipomvunja mifupa, na chama cha mazoezi ndicho mahali penyewe.

CHAMA KILIVYOANZA

Vyama vya namna hii ni vingi, lakini kinachojulikana zaidi ulimwenguni ni kile kiitwacho Toastmasters. Mwanzilishi wake alikuwa Mmarekani, Ralph Smedley, aliyeishi toka mwaka 1878 hata mwaka 1965. Mnamo mwaka 1905 alikuwa akisimamia mambo ya elimu katika jumba la YMCA mjini Bloomington, katika jimbo la Illinois. Aliona ya kuwa vijana waliofika pale walihitaji sana kujifunza kusema na kuendesha mikutano, akawakusanya wafanye mazoezi. Alilipa kundi lake jina hilo kwa sababu Waingereza na Wamarekani humwita hivyo mtu anayesimamia maneno karamuni na kuwakaribisha wasemaji. Naye alitaka mikutano yake iwe na furaha kama ya karamu.

Kazi hiyo haikushika mizizi mara moja. Bwana Smedley alihamishwa mji hata mji, na kila alipoondoka kundi aliloliacha lilififia. Hakukata tamaa. Tarehe 22 Oktoba, 1924, alianza tena katika mji wa Santa Ana, jimbo la California, na safari hii mti ulishika. Miji ya jirani ikaiga, na mwaka 1932 chama kikaandikishwa rasmi. Siku hizi kina matawi katika nchi zaidi ya 140, na hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yamo. Tukumbuke basi ya kuwa kazi hii inayoonekana kubwa leo ilichukua miaka kumi na tisa kabla ya kusimama.

JINSI MKUTANO UNAVYOKWENDA

Mkutano wa chama hicho kwa kawaida huchukua muda wa saa moja hata saa mbili, nao una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni hotuba zilizotayarishwa. Mwanachama hupewa habari mapema, huandaa maneno yake nyumbani, na siku ya mkutano hunena kwa muda wa dakika tano hata saba. Yule anayenena mara ya kwanza hueleza habari zake mwenyewe, kwa kuwa hilo ni jambo ambalo hakuna awezaye kulijua kuliko yeye.

Sehemu ya pili ni maneno ya papo kwa papo. Msimamizi huuliza swali, kisha humtaja mtu, naye hana budi kusimama na kujibu kwa dakika moja au mbili, pasipo matayarisho yoyote. Sehemu hii huwatisha wageni wengi, lakini faida yake ni kubwa. Katika maisha hatupewi habari mapema kila mara. Huenda ukaitwa ghafula kutoa pole matangani, au kujibu swali la mwenye kutaka kukuandika kazi.

Sehemu ya tatu ni kupimana. Kila aliyetoa hotuba ana mpimaji wake, ambaye husimama kwa dakika mbili au tatu na kueleza mbele ya wote yaliyokuwa mema na yanayohitaji kutengenezwa.

Pamoja na hao wapo watu wenye kazi ndogo ndogo. Mtunza saa huonyesha taa ya kijani wakati wa chini unapotimia, ya manjano wakati unapokaribia kwisha, na nyekundu unapokwisha. Pasipo taa, karatasi za rangi zatosha. Mwingine huhesabu vikwazo vya ulimi, yaani maneno na sauti zisizo na kazi. Wapo kati yetu wasioweza kumaliza sentensi bila “eee” au bila kusema “sasa” mara tatu. Lakini mwenyewe hajisikii mpaka ahesabiwe. Mwingine tena ni mlinzi wa lugha, ambaye husahihisha maneno yaliyotumika vibaya. Kazi hizi huzunguka, aliye msemaji leo awe mtunza saa mkutano ujao. Kwa njia hii kila mtu hujifunza kusema, na pia hujifunza kusikiliza, kuongoza, na kutii saa.

HOTUBA YA MIZANI

Sasa tumrudie mwenzetu wa ushirika wa maziwa. Tuseme amefanya mazoezi kwa miezi michache, kisha amesimama tena chini ya mti ule. Huenda akasema hivi:

“Bwana Mwenyekiti na ndugu wanachama, nasimama kwa neno moja tu: mizani yetu yapunguza maziwa yetu. Siku ya Jumatatu niliweka juu yake pakiti ya sukari ya kilo mbili, ambayo haijafunguliwa. Mizani ikaonyesha kilo moja na gramu mia nane. Jumanne nilifanya vivyo hivyo, na Jumatano pia, na majirani wawili walikuwapo wakitazama. Maana yake ni hii: kila kilo kumi tunazoleta, twaandikiwa tisa. Simshitaki mtu, huenda mizani imechakaa. Naomba mkutano huu uazimie kumwita mkaguzi wa vipimo wa serikali, aje aipime mbele yetu sote. Asante.”

Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja na nusu. Hebu tuyachungue. Kwanza, jambo ni moja, nalo limetajwa mwanzoni. Msikilizaji hahangaiki kulitafuta. Pili, upo ushahidi wa kuonekana, tena wenye siku zake na mashahidi wake. Tatu, hesabu imegeuzwa ikawa hasara ya kila aliyeketi pale, hata asiyejua kusoma aielewe. Nne, msemaji hakumtukana karani wala kamati. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na aliyeshitakiwa hadharani hujitetea badala ya kusikiliza. Tano, amemaliza kwa ombi ambalo mkutano waweza kulipigia kura. Hotuba isiyo na ombi ni kama barua isiyo na anwani: huenda imeandikwa vizuri sana, lakini haifiki popote.

Habari za baba, ng'ombe na mvua zimeachwa. Si kwamba ni mbaya. Zina mahali pake, jioni penye moto. Msemaji mwema hujulikana pia kwa yale aliyoyaacha nyumbani.

KUPIMANA BILA KUUMIZANA

Twaona ya kuwa sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni hii ya kupimana. Kwa desturi zetu, kumsahihisha mtu mbele ya watu huonekana kuwa ni kumwaibisha, hasa akiwa mkubwa kwa umri. Kwa hiyo wengi husema tu, “Umenena vizuri sana,” na msemaji huenda zake na makosa yake yote. Huo si wema. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mpimaji mwema hushika njia ya katikati. Hutaja jema alilolisikia, kwa jina lake hasa, wala si kwa sifa tupu. Hutaja kosa moja au mawili, si kumi. Na kila kosa hufuatana na dawa yake. Kwa mfano, mpimaji wa hotuba ya mizani aweza kusema: “Mzee wangu, ile pakiti ya sukari ilituonyesha jambo lote. Ila ulipofika penye hesabu ulitazama chini, sauti ikashuka, na sisi wa nyuma hatukusikia. Mara nyingine inua uso, taja hesabu, nyamaza kidogo, kisha itaje mara ya pili.” Maneno hayo hayavunji heshima ya mtu. Yapima hotuba, wala hayampimi msemaji mwenyewe. Tena mpimaji hapati kusema hivyo asipokuwa amesikiliza kwa makini, na watu wanaosikilizana namna hiyo hawagombani upesi.

NANI ARUHUSIWE KUSEMA?

Liko jambo moja katika habari za Toastmasters ambalo si la kujivunia, lakini lina mafundisho. Kwa muda wa karibu miaka hamsini chama hicho kilikuwa cha wanaume tu, na mwaka 1938 wanawake wa Marekani wakaanzisha chama chao wenyewe. Mwaka 1970 bibi mmoja, Helen Blanchard, aliingia katika tawi moja la California kwa kuandikishwa kwa jina la kiume, Homer. Mwaka 1973 sheria ilibadilishwa, wanawake wakakubaliwa. Na mwaka 1985 yule yule aliyeandikwa Homer akawa mwanamke wa kwanza kushika urais wa chama chote ulimwenguni.

Tujiulize basi: katika mikutano yetu, ni nani wanaoketi kimya mwaka baada ya mwaka? Mara nyingi anayekamua ng'ombe na kubeba maziwa hata penye mizani ni mwanamke au kijana. Ikiwa hao hawasemi, mkutano waamua bila mashahidi wake.

KUANZISHA KIKUNDI KWETU

Anayetaka kuanzisha tawi la Toastmasters sharti apate wanachama wasiopungua 20, na kufuata taratibu za chama. Lakini watu wanane au kumi, wawe waalimu, wakulima, mafundi au wafanya biashara, waweza kuanza mazoezi yao wenyewe kwa Kiswahili, katika darasa lililofungwa jioni au ukumbi wa kanisa. Vyombo vinavyohitajiwa ni saa moja, karatasi tatu za rangi, na daftari. Mkutano wa saa moja waweza kugawanywa hivi:

Kufungua na salamu: dakika 5.
Hotuba tatu, zisizozidi dakika 7 kila moja: dakika 21.
Maneno ya papo kwa papo, watu saba kwa dakika 2: dakika 14.
Wapimaji watatu, dakika 3 kila mmoja: dakika 9.
Taarifa za mtunza saa, mhesabu wa vikwazo na mlinzi wa lugha: dakika 6.
Kufunga na kugawa kazi za mkutano ujao: dakika 5.

Yafaa kikundi kishike sheria tatu tangu mwanzo. Mkutano uanze kwa saa iliyotajwa, hata wakiwapo watu wanne tu. Saa isimpendelee mtu yeyote, awe mzee au tajiri. Na lililosemwa kwa mazoezi lisichukuliwe nje kuwa masengenyo, kwa maana hofu ikiingia, hakuna atakayejaribu tena.

Msitazamie kwamba miguu itaacha kutetemeka kabisa. Hata wasemaji wa miaka mingi husikia moyo ukienda mbio kabla ya kusimama. Mazoezi hayaondoi hofu. Yamfundisha mtu kufanya kazi yake huku hofu ikiwapo. Na siku ile atakapokuwa na neno la kweli la kuwaambia wenzake, litafika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kweli ya mtu wa kwanza haikuwafaa wenzake?
2. Taja mambo matano yaliyoifanya hotuba ya mizani ieleweke.
3. Kuna tofauti gani kati ya kumpima msemaji na kuipima hotuba?
4. Chagua jambo moja linalohitaji kutengenezwa katika kijiji au mtaa wako. Andaa hotuba ya dakika tatu juu yake, yenye ombi moja mwishoni, uinene mbele ya rafiki mwenye saa.