Masalia Yaliyobaki Shambani

JUMATANO

Soma: Waebrania 12:14, 15, 1 Wakorintho 12:21–26, Matendo 6:1–7.

Mkulima wa Bariadi, Itilima au Maswa anajua kwamba kuvuna pamba si mwisho wa kazi. Baada ya mavuno, masalia hung'olewa na kuchomwa moto, kwa sababu wadudu hujificha humo wakingoja msimu mpya. Mtu mmoja akiyaacha, hasara haiishii kwake, maana wadudu hawajui mpaka wa shamba. Ndiyo sababu jambo hili limewekewa sheria.

Mwandishi wa Waebrania anaonya juu ya shina la uchungu ambalo, likiachwa lichipuke, huwatia unajisi watu wengi. Anaanza na moyo wa mtu mmoja, anamalizia na kundi zima.

Tukiulizwa kama kanisa letu lina afya, mara nyingi tunahesabu: waliobatizwa wakati wa makambi, mabati yaliyoezekwa, kwaya, zaka na sadaka. Hayo ni mema. Lakini kanisa la Korintho halikupungukiwa na karama yoyote (1 Wakorintho 1:7), na bado lilikuwa na magomvi (1:11). Kwenye Meza ya Bwana wengine walikaa na njaa huku wenzao wakilewa (11:21). Lilikuwa na vipawa vingi, lakini lilikuwa mgonjwa.

Kulingana na 1 Wakorintho 12:21–26, Paulo anaviweka wapi viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge? Kiungo kimoja kikiumia, vingine hufanya nini?

Fikiria Sabato ya Meza ya Bwana katika kanisa la kijijini. Akina mama wanakwenda chumbani kutawadhana miguu. Wanapangana wawili wawili. Bibi mmoja mjane anabaki amekaa peke yake na beseni lake. Hakuna aliyemfukuza. Ila tangu mtoto wa jirani afariki, kuna neno linalonong'onwa kisimani na njiani: macho yake ni mekundu. Wote wanajua kwamba amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka yote, na moshi huharibu macho. Hata hivyo hakuna anayesogea.

Katika nchi ya Wasukuma, wazee wengi, hasa wanawake, wamepoteza maisha kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi panga hutanguliwa na maneno, na maneno hayo hupata nguvu kwa mganga wa ramli chonganishi. Torati inakataza ramli waziwazi (Kumbukumbu la Torati 18:10–12). Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 nayo inamhesabu kuwa mkosaji anayemtuhumu mwenzake. Lakini mshiriki anayesikia mnong'ono huo na kunyamaza amefanya nini? Ameacha masalia shambani.

Kanisa la Yerusalemu nalo lilikuwa na wajane, na lilikuwa na manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba jambo hilo litapita lenyewe. Waliita mkutano, shida ikasemwa mbele ya wote, watu saba wenye sifa njema wakachaguliwa. Kisha Luka anaandika kwamba neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana (Matendo 6:7). Tazama mpangilio wake: wajane walihudumiwa kwanza, ongezeko likafuata.

Yesu ametupa mahali pa kuanzia: nenda kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu (Mathayo 18:15). Si kwa jirani, wala si kwa mganga. Aliyefiwa aliliwe pamoja naye, maana huzuni isiyofarijiwa hutafuta wa kulaumiwa. Aliyenong'onwa asogelewe. Mzee wa kanisa na mashemasi wa kike wamtembelee nyumbani mchana, kijiji kizima kikiona. Na maisha yake yakiwa hatarini, viongozi wa kijiji na polisi waarifiwe mapema.

Siku ile ya Meza ya Bwana, mtu mmoja tu akichukua maji na kupiga magoti mbele ya yule bibi, chumba kizima kimehubiriwa. Yesu aliitawadha hata miguu ya Yuda. Sisi tunaogopa nini kwa mama yetu asiye na kosa?

Kwa mjadala darasani

1. Katika kanisa lenu, ni nani hukosa wa kukaa naye? Kwa nini?
2. Ni mnong'ono gani umeusikia juma hili? Uliufanyia nini?
3. Darasa lenu litamtembelea nani kabla ya Sabato ijayo? Chagueni siku, na mtaje watakaokwenda.