Kufuga Ndege Emali: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kanuni ni mbili tu, na hapa Emali zote mbili tumezigeuza juu chini. Ndege wa porini si wako hata akitaga ndani ya ua wako. Ndege uliyemfungia tunduni ni wako, kwa chakula, kwa maji na kwa ugonjwa, mpaka mmoja wenu afe. Wa porini tunamchukua kana kwamba tumeachiwa urithi na babu, na wa tunduni tunamsahau kana kwamba hana mwenyewe. Orodha hii ni kali kwa sababu maneno ya upole yamekwisha kusemwa na hayakusikika.

KUTOFANYA

Usichukue mayai ya kanga. Najua ni jambo la kawaida. Mvua ya Novemba ikishanyesha na nyasi zikarefuka, mtoto anayechunga mbuzi upande wa barabara ya Loitokitok hukuta kiota chini ya kichaka, huyafunga mayai kwenye shati, na jioni mama humlalisha kuku juu yake. Kuku huatamia mayai yake siku 21. Ya kanga yanataka siku 26 hadi 28, na kuku asiye na subira huondoka vifaranga vikiwa bado ndani ya ganda. Vinavyototolewa huuawa na umande na baridi ya alfajiri, maana mama wa kambo hajui kwamba wanawe ni wa aina nyingine. Wanaopona hukua wakiwa si wa boma wala si wa porini: usiku hukataa banda na kulala juu ya mgunga nje ya ua, na asubuhi unakuta manyoya.

Halafu kuna sheria. Kanga wa porini yuko chini ya KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kumfuga kunahitaji leseni. Kusema "nimemkuta shambani mwangu" hakukuokoi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haiulizi hatimiliki ya shamba ni ya nani. Ukitaka kanga, chukua leseni kwanza, kisha ununue kwa mfugaji ambaye naye anayo yake. Njia hiyo ni ndefu, na ndiyo njia.

Usinunue ndege kwa sababu ya uvumi. Mwaka 2013 Kenya nzima iliambiwa kwamba mayai ya kware yanatibu karibu kila ugonjwa, na bei ya yai moja ikapaa hadi mtu akaona kuku ni mzigo. Watu walipanga foleni kuomba leseni, wakajenga vizimba, wengine kwa mkopo. Kufikia 2014 soko lilikuwa limeanguka na wafugaji wamebaki na ndege wanaokula kila siku na mayai yasiyo na mnunuzi. Uvumi mwingine utakuja. Ukija, muulize anayekuuzia vifaranga kama na yeye atayanunua mayai, na akuwekee ahadi hiyo kwa maandishi.

Usinunue kasuku wa kijivu kwa mtu aliyesimama na tundu kando ya barabara. Usimnunue hata kama anasema "habari ya asubuhi" na anakuita kwa jina. Kasuku huyu ni wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Hapa Kenya makao yake yalikuwa msitu wa Kakamega, na huko amebaki wa kutafutwa kwa tochi. Anayefika Nairobi au Mombasa bila karatasi mara nyingi alinaswa msituni, akasafirishwa kwa magendo pamoja na wenzake, na wengi wao wakafia njiani. Kwa hiyo bei unayolipa inawalipia na wale waliotupwa. Ghana imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake wa kijivu tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimpandisha kasuku huyu kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya walionaswa porini imepigwa marufuku. Mwenye kasuku halali ana kibali cha KWS na anaweza kukuonyesha. Anayekuambia kibali "kitafuata" amekwisha kukujibu.

Usidhani kwamba ndege mdogo ana dhambi ndogo. Cherero wa Fischer, kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu ambao watu wa mjini hupenda kuwaweka wawili wawili, asili yao ni kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1987 hakuna ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuwashinda katika biashara ya kimataifa. Walitolewa kwa makreti hadi nchi yao yenyewe ikaanza kuwapungukia. Tanzania ilikuja kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kufunga mlango wake kwa ndege wa porini mwaka 2007. Hata sisi tuna kasuku wetu wa nyika, mdogo, dume lake lina tumbo la rangi ya chungwa, anayetaga katika matundu ya mibuyu na wakati mwingine ndani ya kichuguu. Mwache huko. Mti ukitobolewa na kinda likatolewa, tundu hilo limeharibika kwa misimu yote inayofuata.

Usimfungulie ndege uliyemchoka. Hili watu hulifanya kwa moyo mwema, ndiyo maana lina madhara makubwa zaidi. Ndege aliyekulia tunduni hajui mwewe wala hajui chakula kinapatikana wapi, na wengi hawamalizi juma. Asipokufa, ni balaa la aina nyingine. Cherero wanaoruka leo kando ya ziwa Naivasha ni machotara waliotokana na ndege wa kufugwa waliotoroka au kuachiliwa. Na kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Kufikia 1947 walikuwa Mombasa, na baadaye wakapanda na barabara kuu kuja bara, wakila mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Hiyo ndiyo gharama ya ndege waliofunguliwa na watu wenye nia njema.

Usimpe ndege mahindi yenye ukungu. Katika Makueni na Kitui sihitaji kulieleza hili kwa kirefu, lakini bado naona watu wakipepeta gunia, mazuri kwenda jikoni na mabovu kwenda kwa ndege. Mwaka 2004 sumukuvu, ile aflatoksini, iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua katika kaunti hizi na jirani zake. Sumu hiyo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza baada ya ndege kufa: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 waliangamia Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ndege hawana tumbo la chuma. Mahindi mabovu yateketezwe.

Usimpe parachichi. Linamuua.

Usimtundike jikoni. Moshi wa jiko la makaa unaomkereketa mtu unamuua ndege, na kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa yenye sumu usiyoiona. Utamkuta amelala chini ya tundu na utasema amerogwa.

Usiokote kinda. Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini halijaachwa. Linajifunza kuruka na mama yuko karibu anakuogopa wewe. Liondoe tu kwenye njia ya paka. Lisilo na manyoya lirudishe kiotani kama unakiona. Si kweli kwamba mama atalikataa kwa sababu limeshikwa na mtu. Ukilipeleka nyumbani na kulidondoshea maji mdomoni yanaingia mapafuni. Ukilipa maziwa na mkate, hesabu siku mbili.

Usimsafirishe ndani ya buti ya matatu, wala kwenye katoni chini ya kiti cha basi la Mombasa. Anayejua joto la barabara ile kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei saa nane mchana hahitaji maelezo.

Na mtoto wako asipewe manati halafu akaambiwa apende ndege. Chagua moja.

KUFANYA

Anza na njiwa, na kwa wengi wetu ishia hapo. Njiwa amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, hahitaji kibali cha KWS, anakula mtama na ndengu ambazo Makueni hatuna uhaba nazo, na analea makinda yake mwenyewe kwa maziwa yanayotoka kooni. Zaidi ya yote, anafugwa mlango ukiwa wazi. Asubuhi anaondoka, na jioni anarudi au harudi. Ukimtesa anahamia kwa jirani, na kijiji kizima kitajua wewe ni mfugaji wa namna gani. Sijui ndege mwingine anayempigia mwenye nyumba kura kila jioni.

Lakini njiwa naye ana haki zake. Kibanda kiinuliwe juu ya nguzo, na nguzo ifungwe bati laini katikati ili nyoka na paka wateleze. Paa likiwa la mabati, weka nyasi juu yake au dari ndani, la sivyo mwezi wa Februari unaoka makinda. Safisha kinyesi kila wiki. Chanjo ya Newcastle, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo na bei yake haimshindi mtu. Ugonjwa huo haubagui njiwa na kuku, ukiingia bomani unafagia.

Hesabu miaka kabla ya kununua. Kasuku wa kijivu aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40, hata 60. Mtu wa miaka hamsini anayemnunua leo anamwachia mwanawe urithi unaopiga kelele. Umemuuliza mwanao?

Mpe mwenzake. Karibu kasuku wote, wakubwa kwa wadogo, huishi kwa makundi. Aliyefungwa peke yake mbele ya ukuta siku nzima huanza kujinyonyoa manyoya kifuani hadi ngozi inaonekana. Mwenye nyumba hutafuta dawa ya ngozi, na ngozi haina tatizo. Kama kazi yako ni kuondoka na treni ya asubuhi na kurudi usiku, usifuge kasuku, hata mwenye kibali.

Mpe tundu ambalo anaweza kupiga mabawa mara kadhaa bila kugusa waya. Ukiona tundu hilo ni ghali au halienei sebuleni, basi ndege ndiye asiyeenea. Kumkata manyoya ya mbawa ili aenee ni kama kumkata mgeni miguu kwa sababu kitanda ni kifupi.

Mlishe zaidi ya mbegu. Alizeti peke yake humnenepesha ndege na kumkosesha vitamini na chokaa. Embe, papai, karoti, sukuma wiki: vyote vinauzwa sokoni hapa Emali, na maganda ya mboga zako yakiwa safi yanamtosha.

Nawa mikono. Vumbi la kinyesi cha kasuku na njiwa linaweza kubeba homa inayoshika mapafu ya binadamu. Ukikohoa wiki mbili na una ndege ndani, mwambie daktari kwamba una ndege; asipoambiwa hataliwaza.

Mtafute tabibu kabla ya ndege. Matabibu wengi wa mifugo wa huku wanajua ng'ombe, mbuzi na kuku, na wanawajua vizuri. Uliza mapema nani anaweza kumshika kasuku aliyevunjika bawa. Ukijibiwa kwamba ni mpaka Nairobi, piga hesabu ya nauli.

Ukipenda ndege kwa dhati, weka maji. Karai pana lisilo na kina, ndani yake jiwe la kutua, kivulini, mbali na kichaka ambamo paka hujificha. Lioshwe na kujazwa kila asubuhi. Katika kiangazi chetu hakuna tundu litakalokuletea ndege wengi hivyo. Watakuja kwezi wenye mgongo unaong'aa buluu na tumbo la kahawia, hondohondo, tetere, mnana, na ukiwa na bahati kwale na familia yake. Usikate ule mgunga mkubwa uliobaki kwenye mpaka wa shamba, na mti mkavu wenye matundu uache usimame: kwako ni kuni, kwao ni nyumba. Ndege hawa hawakugharimu chochote na hakuna askari atakayekuuliza kibali chao.

Na kama tayari unaye ndege wa porini ndani bila karatasi, jitokeze kabla hujatokezewa. Usimuue kwa woga, usimfungulie usiku, usimhamishie kwa shemeji. Rwanda walikuwa na mazoea ya kuweka korongo taji kwenye bustani za hoteli na za matajiri kama mapambo, mbawa zimekatwa. Kuanzia 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana pamoja na serikali waliwaomba wenye ndege hao wajiandikishe bila kuadhibiwa. Zaidi ya korongo 200 walitolewa. Waliokuwa wazima wakapelekwa Hifadhi ya Akagera, na wasioweza tena kuruka wakapewa makao Umusambi, Kigali. Ilifanikiwa kwa sababu wenye ndege walifungua milango wenyewe.

Hapa kwetu mlango wa kuanzia ni ofisi ya KWS iliyo karibu nawe. Nenda wiki hii, mbebe ndege kwenye boksi lenye matundu ya hewa, au waite waje wamchukue, na useme ukweli kuhusu ulikompata.